Wastani Haukaushi Ziwa

Kajiado ni kaunti inayoteremka. Upande mmoja viko vilima vya Ngong, vinavyofika takriban mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri ya Julai hewa huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi na wachungaji hujitanda shuka juu ya shuka. Upande wa pili, ukishuka kupitia Kiserian, Olepolos na Olorgesailie, liko Ziwa Magadi kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, ambako adhuhuri za miezi ya kiangazi joto hukaribia nyuzi 40. Yeyote aliyepitia somo la fizikia shuleni ameambiwa kwamba joto la gesi ni mwendo wa molekuli zake: zikikimbia, gesi ni moto, zikijikokota, gesi ni baridi. Kwa hiyo mtu ana haki ya kutarajia kwamba hewa ya Magadi inakimbia maradufu ya ile ya Ngong, au hata zaidi. Hesabu inakataa. Molekuli ya naitrojeni, gesi ambayo ni zaidi ya robo tatu ya hewa tunayovuta, huenda kwa kasi ya kawaida ya mita 502 kwa sekunde pale Ngong penye nyuzi 10. Kule Magadi penye nyuzi 40, huenda mita 528. Tofauti ni asilimia 5.

Asilimia 5 ndiyo inayotenganisha jaketi zito na jasho la kuchuruzika. Nambari hiyo ni sahihi, na nitaeleza inakotoka, lakini anayeishia hapo atakuwa ameelewa nusu ya jambo, tena nusu isiyo na kazi kubwa. Mengi ambayo joto huyafanya Kajiado, kama vile kukausha ziwa, kupandisha presha ya mtungi wa gesi na kumaliza maji ya silanga, yaani bwawa la kunyweshea mifugo, kabla ya mvua kurudi, hayafanywi na molekuli ya wastani. Hufanywa na chache zilizo mbele kabisa, na hizo chache hubadilika sana hata pale wastani unapobadilika kidogo.

Tuanze na tairi, kwa kuwa ndilo kipimo cha molekuli kilicho karibu na watu wengi wa mji wa Kitengela. Lori linalopakia saruji Athi River na kuelekea Namanga hujazwa upepo asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 15, na geji ikasoma psi 110. Likifika Bisil baada ya kubeba mzigo juani, hewa ndani ya tairi inaweza kuwa nyuzi 60, na geji ileile itasoma karibu 129. Hakuna aliyeongeza upepo. Kilichotokea ni kwamba molekuli zilezile zinagonga ukuta wa tairi kwa namna mbili tofauti na mwanzo: kila pigo ni zito zaidi kwa sababu molekuli inakuja kwa kasi zaidi, na mapigo yenyewe ni mengi zaidi kwa sekunde kwa sababu molekuli inavuka tairi na kurudi mapema zaidi. Kasi imeingia katika hesabu mara mbili. Ndiyo maana presha haifuati kasi bali hufuata mraba wa kasi, yaani kasi ikizidishwa kwa kasi yenyewe; na kwa kuwa katika chombo kisichotanuka presha hufuata joto, joto nalo hufuata mraba wa kasi. Kasi ya molekuli ndani ya tairi hilo imeongezeka kwa asilimia 7 na nusu tu, lakini presha halisi imepanda kwa zaidi ya asilimia 15. (Nasema presha halisi kwa kuwa geji husoma tu kile kinachozidi hewa ya nje, ambayo Kitengela ni kama 12 kwa kipimo hichohicho, ukitaka kufanya hesabu yako mwenyewe, ongeza hizo 12 kwanza.) Na dereva anayepunguza upepo tairi likiwa moto, akidhani anaokoa tairi, anajiumiza: likipoa litakuwa limelegea, na tairi lililolegea hupindapinda na kuzidi kupata moto barabarani.

Wazo hili la mraba halikuja kwa urahisi. Mwingereza John Herapath, aliyeandika karibu mwaka 1820, alielewa kwamba joto ni mwendo wa chembe, lakini alilifungamanisha na kasi yenyewe badala ya mraba wake, na hesabu zake zikaenda kombo. Aliyepata jibu sahihi ni Mskoti John James Waterston, ambaye wakati huo alikuwa ng'ambo ya bahari hii yetu, Bombay, akiwafundisha vijana wa jeshi la majini la Kampuni ya India Mashariki. Mwaka 1845 aliituma kazi yake kwa Royal Society ya London. Wasomaji waliokabidhiwa waliidharau, mmoja wao akaiona ni upuuzi mtupu, na ikawekwa kabatini. Waterston alitoka nyumbani Edinburgh siku moja mwaka 1883 na hakurudi tena. Miaka minane baadaye Lord Rayleigh aliikuta makala hiyo katika hifadhi ya taasisi na kuichapisha mwaka 1892, wakati ambapo James Clerk Maxwell, Rudolf Clausius na Ludwig Boltzmann walikuwa wamekwisha kulijenga jengo lote upya bila yeye.

Mraba ndio unaofafanua kwa nini asilimia 5 ni ndogo hivyo, lakini kuna sababu ya pili: tunahesabu kutoka wapi. Nyuzi 40 za Selsiasi si mara nne ya nyuzi 10, kwa kuwa sufuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, si mahali mwendo unapokoma. Mwendo hufika kikomo chake cha chini kwenye nyuzi 273 chini ya sufuri, na kipimo kinachoanzia hapo, Kelvini, ndicho molekuli zinachokitambua. Kwa kipimo hicho Ngong ni 283 na Magadi ni 313. Gawanya, tafuta kipeuo cha pili, na asilimia 5 yako hiyo hapo. Hata tanuri za karakana ya vioo ya Kitengela, zinazoyeyusha chupa kuukuu kuwa bilauri na vyungu vya rangi, hazibadilishi sura hii kama mtu anavyodhani. Kioo hufanyiwa kazi kwenye nyuzi 1,100 hivi, joto la kumuunguza mtu mara moja, lakini molekuli za hewa ndani ya tanuri la joto hilo zinakwenda mara mbili tu na kidogo ya zile zilizo uani.

Msomaji mwenye shaka atauliza tumejuaje, maana hakuna aliyewahi kusimama kando ya barabara kupima molekuli ikipita. Ushahidi mmoja uko wazi kwa kila mwenye masikio. Sauti hewani ni habari inayopokezanwa na molekuli zenyewe, kwa hiyo haiwezi kwenda kasi kuliko zinavyokwenda wapokezanaji. Na kweli hufika karibu asilimia 68 ya kasi yao, kwenye baridi na kwenye joto. Kwenye nyuzi 10 sauti husafiri mita 337 kwa sekunde, kwenye nyuzi 40 mita 355. Linganisha hizo mbili na utakuta tena ile asilimia 5. Na ingawa hewa ya kilele cha Ngong ni nyembamba, pungufu kwa kama robo ukilinganisha na ya pwani, wembamba huo haupunguzi mwendo wa sauti. Baridi ndiyo inayoupunguza. Hilo ndilo ambalo tungelitarajia ikiwa joto, wala si wingi wa molekuli, ndilo linaloamua mwendo wao. Ushahidi wa pili ni wa maabara. Mwaka 1920, mjini Frankfurt, Otto Stern alivukiza fedha katika ombwe, akapitisha mkondo mwembamba wa atomu zake ndani ya chombo kinachozunguka, na akapima jinsi zilivyotua pembeni ya pale ambapo zingetua chombo kikiwa kimetulia. Kasi aliyoipata ilikuwa mamia ya mita kwa sekunde, kama nadharia ilivyotabiri.

Kuna pingamizi kongwe, na kwa Kitengela lina harufu ya nyama choma. Ikiwa molekuli zinakwenda mita 500 kwa sekunde, yaani kilomita 1,800 kwa saa, mbona harufu kutoka jikoni haimfikii mteja wa meza ya mwisho papo hapo? Mholanzi Christophorus Buys Ballot aliuliza swali la namna hii katika miaka ya 1850, miezi michache baada ya Clausius kutoa hoja zake, na lilikuwa swali zuri kiasi kwamba Clausius alilazimika kuongeza sura mpya katika nadharia yake mwaka 1858. Jibu lake ni kwamba molekuli ina mbio lakini haina njia. Katika hewa ya kawaida husafiri kama sehemu ya kumi na nne ya maikromita, kisha hugongana na nyingine na kutupwa upande mwingine. Migongano hiyo hufikia mabilioni kadhaa katika sekunde moja. Ni mbio za kwenda na kurudi, kushoto na kulia. Kama hewa ingetulia tuli, molekuli ya harufu ingehitaji zaidi ya mwezi mmoja kusogea mita 10. Tunaonusa nyama kutoka barabarani tunapaswa kuushukuru upepo na moshi unaopanda, ambao hubeba hewa nzima kwa mkupuo.

Upepo wenyewe unaleta pingamizi gumu zaidi. Kajiado ina upepo wa kuuza: mitambo miwili ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimamishwa Ngong mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, leo kituo cha kampuni ya umeme ya KenGen mahali hapo kina uwezo wa megawati 25.5, na mashamba ya upepo ya Kipeto yana mitambo 60 yenye uwezo wa megawati 100. Ikiwa joto ni mwendo wa molekuli, na upepo pia ni mwendo wa molekuli, kwa nini upepo mkali wa Ngong ni baridi badala ya kuwa moto? Tofauti ni ya mpangilio. Fikiria ng'ombe ndani ya boma usiku wa radi, kila mmoja akikurupuka upande wake. Kuna mwendo mwingi, lakini kundi halijatoka mahali pake. Asubuhi lilelile linaongozwa malishoni, pole pole, wote upande mmoja. Joto ni ule mkurupuko wa ndani, upepo ni ile safari ya pamoja. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unatosha kuzungusha mapanga ya Kipeto vizuri, lakini ni kama asilimia 2 tu ya kasi ambayo kila molekuli inayo tayari kwa ajili ya joto lake. Kilo moja ya hewa hiyo ina jouli 50 za upepo na zaidi ya jouli 120,000 za mkurupuko. Ukiusimamisha upepo wote na kuugeuza kuwa joto, hewa itapanda kwa sehemu ya ishirini ya nyuzi moja. Ubaridi tunaousikia unatokana na upepo kuiondoa hewa iliyokwisha kupashwa moto na ngozi yetu, na kuharakisha jasho kukauka.

Hapo mtu mwenye akili ya biashara atauliza kwa nini tusivune zile jouli 120,000 badala ya kuhangaika na 50. Kwa sababu mapanga yanapigwa mbele na nyuma sawasawa. Mkurupuko usio na upande hauwezi kusukuma kitu upande mmoja mpaka kuwe na mahali pa moto na mahali pa baridi, na joto likawa linapita kutoka kule kwenda huku. Injini ya lori hufanya hivyo. Upepo wenyewe, ukiufuatilia hadi asili yake, umezaliwa na tofauti za namna hiyo, pale jua linapoipasha sehemu moja ya nchi kuliko nyingine.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini. Nimesema molekuli za Magadi huenda mita 528 kwa sekunde, lakini hakuna sheria inayoilazimisha molekuli yoyote kushika kasi hiyo. Migongano huzigawia kasi ovyo. Mara moja inatoka kwenye mgongano ikiwa karibu imesimama, mara nyingine inatoka ikiwa imepewa nishati ya molekuli tatu au nne. Mwaka 1859 Maxwell, alipokuwa akifundisha Aberdeen, alionyesha kwamba ovyo hiyo ina sura yake: zilizo nyingi hukusanyika karibu na kasi ya kati, chache huwa nyuma, na mbele kuna mkia mrefu mwembamba wa zile zenye kasi kubwa, unaozidi kupungua bila kufikia mwisho. Majaribio ya R. C. Miller na Polykarp Kusch, yaliyochapishwa mwaka 1955, yaliupima mgawanyo huo kwa uangalifu mkubwa, na ukaafikiana na wa Maxwell.

Mkia huo una tabia ambayo wastani hauna. Chukua naitrojeni kwenye nyuzi 20 na uulize ni molekuli ngapi zinazozidi mita 1,500 kwa sekunde, karibu mara tatu ya kawaida. Ni kama 10 katika kila milioni. Pandisha joto hadi nyuzi 40. Kasi ya kawaida imeongezeka kwa asilimia 3 na ushei tu, ongezeko ambalo huwezi kulitilia maanani. Lakini zile zinazozidi mita 1,500 sasa ni 23 katika kila milioni, zaidi ya maradufu. Na kadiri unavyoweka kizingiti mbali zaidi ndivyo uwiano huo unavyokuwa mkubwa. Joto likiongezeka kidogo, umati unasogea hatua moja, ilhali safu ya mbele inaongezeka mara kadhaa. Kwa hiyo kila jambo ambalo lina kizingiti, yaani ambalo molekuli haiwezi kulifanya mpaka iwe na nishati ya kiwango fulani, litaitikia joto kwa nguvu isiyolingana na zile asilimia ndogo za wastani.

Kuvukiza ni jambo la namna hiyo. Molekuli ya maji ndani ya ziwa imeshikwa na wenzake, na haiwezi kuruka kuingia hewani mpaka iwe na nishati ya kukata kamba zote zinazoishika. Iliyo ya wastani haiwezi, wala haikaribii kuweza. Kama molekuli zote zingekuwa na nishati sawa, ziwa lingekaa pale miaka na mikaka bila kupungua hata tone, kisha siku likifika kiwango fulani cha joto lingepaa lote kwa pamoja. Tunajua sivyo. Magadi haichemki, ingawa kingoni mwake kuna chemchemi zenye joto linalozidi nyuzi 80, lakini tangu Magadi Soda Company ilipoanzishwa mwaka 1911 hadi leo mgodi unavuna tabaka la trona, yaani magadi, ambalo liko pale kwa sababu maji yaliyokuja na magadi hayo yaliondoka, molekuli moja baada ya nyingine, kupitia ule mkia. Na kipimo cha nguvu ya mkia kinajulikana vizuri. Mvuke uliofika kikomo chake cha kujaa juu ya maji ya nyuzi 20 una presha ya kilopaskali 2.3. Juu ya maji ya nyuzi 40, kilopaskali 7.4. Asilimia 3 ya kasi imezaa mara tatu ya mvuke.

Mtu anaweza kusema kwamba ninazipa molekuli sifa ya jua. Si jua ndilo linalokausha ziwa? Ni kweli kwamba gharama yote inalipwa na jua: kila lita inayopaa katika joto la Magadi hubeba karibu jouli milioni 2.4, na zisiporudishwa, maji yaliyobaki hupoa. Hupoa kwa sababu walioondoka ni wenye nishati kubwa, na kundi likipoteza wenye mbio wastani wa waliobaki unashuka. Mtungi wa udongo unaovuja kidogo na kupoza maji ya kunywa hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Basi jua na mkia havishindani. Jua hurudisha nishati, na migongano huigawa upya hadi safu ya mbele iliyoondoka ijae tena. Lakini jua pekee halielezi kwa nini maji huondoka yakiwa kwenye nyuzi 35 badala ya kungoja kuchemka. Hilo linaelezwa na mkia tu.

Mfano wa mtungi wa gesi ya kupikia unaonyesha tofauti ya njia hizi mbili vizuri kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Watu wengi hudhani mtungi wa kilo 6 au 13 umejaa gesi iliyobanwa, kama tairi lilivyojaa hewa. Ungekuwa hivyo, kuuhamisha kutoka kivulini penye nyuzi 20 hadi juani ukafika nyuzi 40 kungepandisha presha kwa asilimia 7, basi. Ndani ya mtungi, hata hivyo, kuna kimiminiko cha propani na butani kinachochezacheza ukiutikisa, na presha iliyo juu yake inaamuliwa na ni molekuli ngapi zinazoweza kukikimbia kimiminiko hicho. Ni suala la kizingiti tena. Propani safi kwenye nyuzi 20 ina presha ya kama mara 8 ya hewa ya nje ya pwani. Kwenye nyuzi 40 ni karibu mara 14. Ongezeko ni zaidi ya nusu. Onyo la kutouweka mtungi juani au karibu na moto lina hesabu hii nyuma yake, na pia lile lalamiko la asubuhi za baridi, hasa kwa aliyebakiwa na butani nyingi chini ya mtungi, kwamba moto ni hafifu ilhali gesi bado ipo. Gesi ipo kweli. Zenye uwezo wa kutoka ndizo zimepungua.

Pingamizi la mwisho linatoka pwani, na ni la haki. Mombasa yenye nyuzi 32 ni moto kuliko mji wa Kajiado wenye nyuzi 28, lakini shati lililofuliwa hukauka Kajiado upesi zaidi. Kama safu ya mbele ndiyo inayoamua, Mombasa ingepaswa kushinda. Lakini molekuli zinazotoka majini ni upande mmoja tu wa daftari. Hewa ya Mombasa imejaa mvuke wa bahari, na molekuli za mvuke huo hurudi na kunaswa na shati karibu kwa wingi uleule zinaotoka nao. Kajiado zinazotoka ni pungufu kidogo, lakini zinazorudi ni chache sana. Kinachohesabika ni tofauti ya hizo mbili, na upepo huizidisha kwa kuwasomba waliotoka kabla hawajarudi. Pingamizi hili haliuangushi mkia. Linatukumbusha kwamba ukavu wa nchi una nguvu yake mbali na joto lake.

Na ndiyo sababu nyuzi moja haipaswi kudharauliwa katika kaunti ya wafugaji, hasa baada ya ukame wa 2020 hadi 2023 uliowaacha wengi bila mifugo. Husemwa mara kwa mara kwamba dunia imepata joto kwa zaidi ya nyuzi moja tu, kana kwamba "tu" hiyo inatosha kumaliza mjadala. Kwa upande wa kasi, nyuzi moja ni kitu kidogo kweli: haifiki asilimia 0.2. Kwa upande wa mkia, hewa ya nyuzi 21 inaweza kubeba mvuke unaozidi ule wa nyuzi 20 kwa zaidi ya asilimia 6. Haimaanishi kwamba kila silanga sasa linapoteza maji zaidi kwa asilimia 6, maana jua, upepo na unyevu wa hewa navyo vina kauli. Inamaanisha kwamba pale ambapo hewa haikuongezewa unyevu, kiu yake imeongezeka, na kiu hiyo huchota kwenye silanga, kwenye udongo na kwenye nyasi kwa pamoja.

Wachimbaji wa masilanga wanaweza kuutumia ukweli mmoja wa molekuli bila kujua jina la Maxwell. Molekuli hukimbilia hewani kutoka juu tu ya maji, wala si kutoka kilindini, kwa hiyo kinachopotea hupimwa kwa upana wa uso. Mita za ujazo 1,000 za maji zikitandazwa kwa kina cha mita 1 huwa na uso wa mita za mraba 1,000. Zikichimbiwa shimo la mita 4, uso ni mita za mraba 250. Tuseme hewa inachukua milimita 5 kwa siku, kiasi ambacho si cha ajabu kwa nchi kavu yenye jua. Baada ya siku 100 bila mvua, silanga pana litakuwa limepoteza mita za ujazo 500, nusu ya maji yote, kabla ng'ombe mmoja hajanywa. Lile la kina litakuwa limepoteza 125. Kuchimba kina kunagharimu zaidi, mwamba hauko mbali sehemu nyingi za kaunti hii, na kingo zenye mteremko mkali ni hatari kwa ndama na kwa watoto. Hayo ni ya kujadiliwa na wahandisi na wanakijiji wenyewe, pamoja na kivuli, matangi ya chini ya ardhi na uzio wa miti wa kupunguza upepo juu ya maji.